Swali Kwanza, Miwani Baadaye: Ushauri kwa Watafiti Wanaotaka Kuijenga Historia Upya kwa Kompyuta

Tarehe 5 Novemba 1622, mshairi na mhubiri John Donne alipangiwa kuhubiri nje, kwenye mimbari ya Paul's Cross iliyokuwa uani mwa kanisa kuu la St Paul's, London. Hali ya hewa ikaharibika, mahubiri yakahamishiwa ndani. Miaka 44 baadaye kanisa lenyewe likateketea katika moto mkubwa wa London wa mwaka 1666. Mtu anayetaka kujua mahubiri yale yangesikika vipi pale uani hana pa kwenda: mimbari haipo, kuta hazipo, na hata tukio lenyewe halikufanyika mahali palipokusudiwa. Hata hivyo watafiti wa North Carolina State University nchini Marekani, wakiongozwa na profesa wa fasihi John Wall, waliujenga upya uwanja ule ndani ya kompyuta pamoja na mwangwi wake. Mwigizaji Ben Crystal akayasoma mahubiri ya Donne kwa matamshi ya Kiingereza cha zama zile. Leo msikilizaji anaweza kujiweka karibu na mimbari au nyuma kabisa, kati ya watu mia chache au maelfu, akapima kwa masikio yake kama mtu wa nyuma aliambulia kitu.

Naanza na mradi huo kwa sababu unaonyesha jambo ambalo ningependa kila mtafiti wa historia, fasihi, sanaa na dini alishike kabla hajaomba hata shilingi moja ya vifaa. Wall na wenzake walianza na swali. Wanazuoni walikuwa wamezoea kuyasoma mahubiri ya karne ya 17 kama maandishi tu. Wao wakataka kujua yalikuwaje yakiwa sauti inayotoka kinywani mwa mtu, mbele ya umati, penye kengele na kelele za mji. Swali hilo halikuwa na njia nyingine ya kujibiwa. Hapo ndipo kompyuta ikaitwa.

Uhalisia pepe, yaani ule ulimwengu wa kompyuta unaouingia kwa kuvaa miwani maalumu, una nafasi kubwa katika taaluma zetu, pamoja na ndugu zake kama modeli za pande tatu, ramani za kidijitali na picha za duara. Lakini nafasi hiyo inapatikana pale tu modeli inapokuwa hoja: kitu kinachoweza kupimwa, kupingwa na kusahihishwa. Ikikosa sifa hiyo, inabaki pambo la gharama kubwa. Ushauri wangu wote unatokana na imani hiyo. Mifano mingi nitaichota Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, kwa kuwa tayari yamepimwa kwa leza na kwa picha na wataalamu wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na Kilwa ikawa pia sehemu ya mradi wa CyArk, ICOMOS na Google kuhusu athari za mabadiliko ya tabianchi, uliotoka mwaka 2020.

Swali gani linahitaji miwani?

Chukua Msikiti Mkuu wa Kilwa. Sehemu yake kongwe iko kaskazini, upande wa kibla. Mwanzoni mwa karne ya 14 msikiti ukapanuliwa kuelekea kusini mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali, ukajaa safu za nguzo zinazobeba kuba na matao. Vitabu vya wanaakiolojia vinatupa ramani ya jengo, vipimo na tarehe. Visichoweza kutupa ni hali ya mtu aliyechelewa swala ya Ijumaa akapata nafasi safu ya mwisho kule kusini. Je, aliiona mihrabu kati ya nguzo zile? Aliisikia khutba, au ilimfikia ikiwa mwangwi tu? Upanuzi ule uliwaleta waumini pamoja, au uliwagawa kati ya wanaoona na wasioona?

Maswali ya namna hii, yanayohusu macho, masikio, mwanga na mwili wa mtu kupita mahali, ndiyo maskani ya uhalisia pepe. Ikulu ya Husuni Kubwa imejengwa juu ya mwinuko ukingoni mwa bahari: nahodha wa mtepe anayeingia mkondoni alianza kuona nini, na akiwa umbali gani? Chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya mawe, kisicho na dirisha la nje, kilipata mwanga saa ngapi, na mtu aliyekaa humo aliweza kushona au kusoma bila taa? Ukiwa na modeli iliyopimwa vizuri, na jua la kompyuta limewekwa kwa latitudo ya Kilwa, utapata jibu ambalo mwenzako anaweza kulihakiki.

Yapo maswali mengi mazuri yasiyohitaji miwani hata kidogo. Ukitaka kuonyesha vigae vya kauri za China vimetapakaa wapi katika mji, ramani iliyotengenezwa kwa QGIS itasema mengi kuliko matembezi ya uhalisia pepe. Ukilinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja, picha bapa zilizo safi, zikiwekwa ubavu kwa ubavu, zinakutosha. Ukifuatilia nani alimwandikia nani barua, chora mtandao wa majina. Usimvalishe msomaji kifaa kizito kichwani kumwonyesha kitu ambacho angekiona vizuri zaidi kwenye karatasi.

Kipimo changu ni hiki: andika swali lako kwa sentensi moja yenye mtu, mahali na kitendo. "Mtu aliyesimama safu ya mwisho upande wa kusini aliisikia khutba?" Ukiweza kuandika sentensi ya aina hiyo, endelea. Ukijikuta unaandika kwamba unataka "kuhuisha historia" au "kuwavutia vijana", hilo ni lengo jema la makumbusho na la walimu, ila bado hujapata swali la utafiti. Rudi kwenye vyanzo vyako usome tena.

Anza na kilicho rahisi

Wengi wanakata tamaa mapema wakidhani lazima wawe na skana ya leza na maabara. Anza na futi kamba, penseli na karatasi ya miraba. Ramani ya chumba uliyoipima kwa mkono wako itakufundisha jengo kuliko kifaa chochote, maana mkono unaopima unalazimisha jicho kuuliza kwa nini ukuta huu ni mnene kuliko ule. Ngazi ya pili ni picha za duara, zinazomwezesha mtazamaji kugeuka pande zote akiwa amesimama mahali pamoja. Kwa maonyesho na ufundishaji mara nyingi hizo zinatosha. Ya tatu ni fotogrametria, ambapo programu inaunganisha mamia ya picha za kawaida na kuzaa modeli ya pande tatu. Simu nzuri inaweza kufanya kazi hiyo, na programu za bure zipo: Meshroom ya kuunganisha picha, CloudCompare ya kukagua vipimo, Blender ya kujengea na kuangazia.

Skana ya leza iwe ya mwisho, na kabla ya kuikodi uliza kama mahali hapo pamekwisha kupimwa. Data nyingi za urithi wa Afrika zimekusanywa tayari, na taasisi zilizozikusanya hutoa sehemu yake kwa watafiti wanaoomba kwa maandishi na kueleza swali lao. Barua moja iliyoandikwa vizuri inaweza kukuokolea bajeti ya mwaka mzima.

Mbele ya mihrabu, kamera mkononi

Tuseme umesimama mbele ya mihrabu ya matumbawe yaliyochongwa, na unataka modeli yake. Habari njema ni kwamba jiwe la tumbawe, kwa vitundu vyake na mikwaruzo yake, linaipendeza sana fotogrametria. Programu inafanya kazi kwa kutafuta alama ndogo ndogo zinazojirudia kutoka picha moja hadi nyingine; ukuta uliolika kwa karne nyingi umejaa alama hizo. Kinachoitatiza ni ukuta uliopakwa chokaa jana, kioo, shaba iliyosuguliwa, maji yanayocheza na majani yanayopeperushwa na upepo. Bakuli za kauri zilizopachikwa ukutani nazo zina mng'ao unaohama kila unapohama wewe, kwa hiyo zipige kwa pembe nyingi na utarajie kuzirekebisha baadaye.

Nenda asubuhi mapema au siku ya mawingu. Kivuli kikali cha saa sita kitagandishwa kwenye modeli, na hakuna mwanga wa kompyuta utakaoweza kukiondoa. Funga mipangilio ya kamera: mwanga uleule, lenzi ileile, usivute picha karibu kwa zumu, usitumie flashi. Kisha tembea. Kosa la kawaida ni kusimama mahali pamoja na kugeuza kamera kushoto na kulia. Programu inahitaji wewe mwenyewe uhame ili ipate kina. Piga picha, sogea hatua ndogo ya ubavu, piga nyingine, ukihakikisha theluthi mbili au zaidi ya kila picha inaonekana pia katika ile iliyotangulia. Ukimaliza safu ya usawa wa kifua, rudia ukiwa umechuchumaa, kisha ukiwa umeinua kamera juu ya kichwa. Halafu ingia kwenye mbonyeo wa mihrabu wenyewe, ufuate mviringo wake taratibu, maana hapo ndipo modeli nyingi hutoboka.

Weka kipimo chenye alama za sentimita ndani ya picha kadhaa, kisha pima kwa futi kamba umbali kati ya pointi mbili za wima na mbili za ulalo, uandike daftarini. Bila hivyo utapata mihrabu nzuri isiyojulikana kama ina urefu wa mita mbili au wa sentimita ishirini. Andika pia kaskazini ni upande gani, tarehe, saa na hali ya hewa. Kabla hujapanda boti kurudi Kilwa Masoko, ziunganishe picha zako haraka kwenye kompyuta kwa ubora wa chini. Pengo ukiliona ungali kisiwani, unaliziba kwa nusu saa. Ukiligundua ukiwa Dar es Salaam, litakugharimu safari nyingine.

Kilichobomoka, kiseme kimebomoka

Hadi hapo umenakili kilichopo. Kazi ngumu inaanza unapotaka kurudisha kisichokuwepo.

Vyumba vya nyumba za mawe za Songo Mnara havina dari leo. Kuta zimesimama, na jambo moja linajitokeza mara moja: vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake kwa kawaida ni mita mbili na nusu hadi tatu. Sababu ni boriti. Dari ya nyumba za namna ile ni nzito, mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ikiwa na mzigo ule bila kupinda. Kwa hiyo upana wa chumba wenyewe ni ushahidi wa dari iliyotoweka. Ukiongeza matundu ya boriti yaliyobaki ukutani, na nyumba za Lamu ambazo dari zake bado zipo, unaweza kuijenga dari hiyo kwa ujasiri. Rangi ya mkeka uliokuwa sakafuni je? Idadi ya taa? Umbo la mlango wa mbao? Hapo ujasiri unapungua, na modeli yako ina wajibu wa kukiri.

Pendekezo langu ni kugawa kila sehemu ya modeli katika daraja nne. Ya kwanza ni kinachoonekana leo na umekipima. Ya pili ni kilichothibitishwa na uchimbaji, picha ya zamani au maandishi. Ya tatu ni unachokikisia kwa kulinganisha na majengo mengine ya wakati na eneo lile. Ya nne ni ulichokibuni ili pengo lisibaki wazi. Kila daraja ipe rangi yake, na ndani ya miwani weka kitufe kimoja kinachomwezesha mtazamaji kuziwasha rangi hizo wakati wowote. Mara nyingi ataona kwamba sehemu iliyomvutia zaidi ndiyo yenye ushahidi mdogo zaidi, na hilo peke yake ni somo kubwa la historia.

Wataalamu waliokutana London mwaka 2006 waliandika mwongozo uitwao London Charter, toleo lake la 2.1 likatoka mwaka 2009. Kiini chake ni uwazi wa kitaaluma: mtazamaji aweze kutofautisha ushahidi na dhana, na maamuzi ya mjenzi yaandikwe ili mwingine ayafuatilie. Kumbukumbu hizo za maamuzi huitwa paradata. Mwaka 2011 zikafuata Kanuni za Sevilla, zilizolenga akiolojia moja kwa moja. Zisome zote mbili kabla hujafungua Blender, ni fupi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na modeli ni mali. Fungua daftari la maamuzi siku ya kwanza, hata likiwa jedwali la kawaida la kompyuta, na kila kitu unachokiongeza kiwe na mstari wake. Mfano: "Dari ya chumba cha ndani. Daraja la 3. Boriti za mikoko, chokaa na vipande vya matumbawe. Ushahidi: upana wa chumba, matundu ya boriti ukuta wa mashariki. Mbadala uliokataliwa: paa la makuti, kwa kuwa kuta ni nene na hakuna dalili ya mteremko. Ameamua nani, lini." Neno la thamani zaidi katika mstari huo ni mbadala. Mtafiti anayeandika alichokikataa anamwachia mwenzake mlango wa kurudia hoja yote.

Mawe yasikufiche watu

Hatari kubwa ya modeli za pwani yetu ni hii: kilichodumu ni jiwe, na kompyuta inapenda kilichodumu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifia mji kwa uzuri wake, na majengo aliyoyaeleza yalikuwa ya mbao yenye mapaa ya majani. Msafiri huyo alikuwa katika mji wenye msikiti wa mawe na ikulu ya mawe, lakini maelezo yake yanatukumbusha kwamba sehemu kubwa ya mji haikuwa ya mawe. Songo Mnara nako wanaakiolojia wamekuta mabaki ya nyumba za fito na udongo kati ya nyumba za mawe zilizokuwa zikidhaniwa kuwa ndizo mji wote.

Ukiijenga Kilwa ya majumba ya mawe peke yake, yenye viwanja vitupu katikati, umejenga mji wa matajiri na kuwafuta wavuvi, wahunzi, wasusi, watumwa na wafinyanzi. Jicho la mtazamaji litaamini, kwa sababu jicho linaamini kinachoonekana. Kwa hiyo pale ushahidi unapoonyesha kukandikwa kwa udongo, majivu ya jiko au mashimo ya nguzo, jenga nyumba ya makuti hata kama huijui vizuri. Iweke katika daraja la tatu au la nne, uipe rangi yake, lakini iwepo. Kutoiweka ni dhana pia, tena mbaya zaidi kwa kuwa haina rangi.

Husuni Kubwa ina somo la upande wa pili. Ikulu hiyo ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman ina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, na kishawishi cha kuionyesha ikiwa kamili, inameta, ni kikubwa. Wanaakiolojia hata hivyo wameona dalili kwamba baadhi ya sehemu zake hazikumalizika kujengwa. Modeli inayoikamilisha ingeonyesha jengo ambalo huenda hakuna binadamu aliyepata kuliona. Jenga matoleo mawili, lililokusudiwa na lililofikiwa, na umruhusu mtazamaji atembee kutoka moja hadi jingine. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo historia yenyewe.

Waulize wenyewe

Makaburi ya Kasubi, Kampala, ambako wamezikwa makabaka wanne wa Buganda, yalipimwa kwa leza na CyArk mwaka 2009. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ikateketea kwa moto. Vipimo vikabaki. Simulizi hii hutajwa kama ushindi wa teknolojia, na kweli ni faraja kuwa na rekodi ya jengo lililopotea. Lakini ujenzi mpya ulihitaji kitu ambacho leza haikukigusa: mikono ya waezekaji wa ukoo wa Ngeye, wenye jukumu la kurithishana la kuezeka nyumba hiyo, elimu ya kuchagua na kufunga nyasi, na taratibu za nani anaruhusiwa kuingia wapi na lini. Nyuma ya pazia la magome kuna sehemu takatifu isiyo ya kila mtu, na hakuna mtafiti mwenye haki ya kuifungua kwa kisingizio kwamba kompyuta inaweza.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, rekodi ujuzi pamoja na umbo. Ukipima nyumba, kaa na fundi wake. Mwombe aonyeshe namna chokaa inavyochomwa na boriti inavyochaguliwa, urekodi sauti na video, na kumbukumbu hizo ziambatane na modeli. Pili, kibali cha serikali hakitoshi. Utakihitaji, bila shaka: Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI, mamlaka ya mambo ya kale ina taratibu zake, na droni ina kibali chake cha mamlaka ya usafiri wa anga. Baada ya hizo zote bado kuna wazee. Kilwa Kisiwani ni kijiji cha watu wanaoishi, wanaovua na kulima, na makaburi yaliyo kati ya magofu ni ya watu wanaoombewa dua. Piga hodi. Eleza unachotaka kufanya, uliza kisichopaswa kupigwa picha, na ukubali jibu. Modeli ikikamilika, ipeleke kijijini uwavalishe miwani wao kwanza. Mtu aliyezaliwa hapo atakuonyesha kosa ambalo jopo la maprofesa halikuliona, na maoni yake yaingie kwenye daftari la maamuzi kwa jina lake, akiridhia.

Uwe mwangalifu hasa na historia ya mateso. Mahandaki ya watumwa, magereza, viwanja vya vita: uhalisia pepe unaweza kumwonyesha mtu ufinyu wa chumba na giza lake, na hilo ni elimu. Usimwahidi kwamba dakika tano za miwani zitamfanya ajue machungu ya mtumwa. Ahadi hiyo ni ya uongo, na ni dharau kwa marehemu.

Siku ya kuvaa miwani

Watu wengi hupata kichefuchefu wakivaa miwani, kwa sababu macho yanaambiwa mwili unatembea huku sikio la ndani likisema umekaa. Punguza tatizo hilo: mtazamaji ahame kwa kuruka kutoka kituo hadi kituo badala ya kuteleza, picha zisikwame, na kila zamu iwe fupi, dakika kumi hivi. Weka kiti. Futa miwani kila baada ya mtu mmoja. Mwenye kifafa au anayejisikia vibaya aangalie kwenye skrini ya kawaida, na hakikisha skrini hiyo inaonyesha mambo yaleyale, maana wasomaji wako wengi hawatakuwa na miwani kamwe.

Kama watu ni sehemu ya utafiti wako, chukua kumbukumbu za wanachofanya zaidi ya wanachosema. Karibu kila anayevaa kwa mara ya kwanza atasema ni ajabu. Wewe tazama alisimama wapi, alitazama nini kwanza, alipotea wapi, aliuliza nini baada ya kuvua. Mwombe akuchoree ramani ya mahali alipotoka. Mchoro huo utakuambia kama modeli yako imeeleweka.

Modeli yako miaka kumi ijayo

Google iliwahi kuendesha hifadhi ya modeli za pande tatu iitwayo Poly, na mpango wa safari pepe za mashuleni ulioitwa Expeditions. Vyote viwili vilifungwa mwaka 2021. Walimu na wasanii waliokuwa wameweka kazi zao huko tu walilazimika kuhamisha au kupoteza. Kampuni hubadili mipango yake, na hiyo ni haki yake. Wewe mtafiti una wajibu wa kupanga kana kwamba jukwaa unalolitumia litafungwa kesho.

Hifadhi tabaka nne mbali mbali: picha halisi za kamera, wingu la nukta katika muundo wa wazi kama E57 au PLY, modeli ya mwisho katika glTF au OBJ, na daftari la maamuzi katika maandishi ya kawaida. Programu ya miwani ndiyo itakayokufa mapema. Ukiwa na tabaka hizo, mwingine ataijenga upya. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine. Nakala kamili ikabidhiwe maktaba ya chuo au makumbusho ya nchi husika, yenye hati inayosema nani anaweza kuitumia na kwa masharti gani. Data za pwani yetu zisiishie kwenye diski ya mgeni aliyekwisha kurudi kwao.

Kazi ya kuharakisha ipo kweli. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Majengo yetu mengi hayatatusubiri tupate ruzuku.

Kwa hiyo usingoje maabara. Mwezi huu chagua kitu kimoja kidogo kilicho karibu nawe: mlango wa kuchonga, kaburi la nguzo, jukwaa la ukumbi wa zamani wa taarabu. Omba ruhusa. Andika swali lako la sentensi moja. Piga picha, pima, jenga, na ujaze daftari la maamuzi hata kama lina mistari kumi tu. Kisha mpe mwenzako modeli pamoja na daftari, umwombe akupinge. Akipata pa kukupinga, akaonyesha ni mstari gani na kwa ushahidi upi, ujue umefanya utafiti. Akibaki kusifia picha tu, rudi kwenye swali.